Kabati la Tatu

Ufunguo ninao mimi.
Unaning'inia kiunoni pamoja na wa baiskeli,
na mke wangu husema, nikisahau kuuvua usiku,
nalia kama mlinzi wa jela.

Hospitali yetu ina vitanda mia na ishirini,
hapa Nagpur, barabara ya kwenda Wardha,
na wauguzi arobaini na watatu, wengi wao wa Kerala.
Siku ya kwanza huja mezani kwangu
na bahasha ya plastiki kifuani.
Nawaambia: Cheti halisi, dada. Nakala hatupokei.
Tutakitunza.
Natia sahihi daftarini, nao wanatia,
na chini, kwa herufi ndogo kama punje za haradali:
ukiondoka kabla ya miaka mitatu, rupia laki mbili.

Leo amekuja Sheeja Varkey, wa wodi ya watoto.
Hakukaa.
Mama yake ameanza kusahau majina,
na kule Kottayam iko zahanati inayomtaka,
ila inataka cheti chenyewe, chenye muhuri unaopapasika.
Ametoa noti zilizofungwa kwa bandeji:
elfu sitini. Nyingine atatuma kila mwezi.
Bandeji ni yetu. Nimeiona, nikanyamaza.

Lakini kilichonishinda kumwambia ni kingine.
Mvua za Julai paa lilivuja.
Nilipofungua kabati la tatu,
mafaili ya P mpaka Z
mchwa walikwisha kuyasoma.
Miaka minne ya chuo,
usiku wa kukariri mifupa ya kiganja,
miti ya mpira ya baba iliyowekwa rehani,
vimebaki vumbi jekundu
na kipande cha muhuri,
chembamba kama ukucha uliokatwa.
Nilikwenda kwa mkurugenzi. Alifuta miwani,
akaivaa, akaivua tena.
"Wao wanajua?"
"Hapana."
"Basi funga."

Mali bila daftari, walisema wahenga,
hupotea bila habari.
Daftari ninalo. Ukurasa wa kumi na tisa,
sahihi yake ipo, wino haujafifia.

Nimezihesabu noti mara mbili. Nimeandika risiti.
Amenishukuru, mimi,
kisha akachungulia kabati kupita bega langu
kama anayeuliza hali ya mtoto aliyelazwa:
"Kiko salama?"

Nikaushika ufunguo
usilie.