Mstari wa Kigamboni

Saa nne usiku, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe.
Chini wanashusha mageti ya chuma, moja moja,
na mimi ndiyo kwanza nafungua folda.

Maduka ya dawa saba, folda saba:
Tandika, Buguruni, Tabata, Mbagala,
Ubungo, Mwananyamala, Kigamboni.
Ndani ya kila moja faili lile lile la mipangilio,
nakala ya nakala,
kama funguo zilizochongwa kwa kufuatisha
ufunguo uliokwisha kulika.

Jumatatu tulihamia seva mpya.
Nilibadilisha anwani folda sita.
Ya Tabata ikanipita.
Siku tatu wakauza dawa za minyoo, pamba, maji ya chumvi,
na risiti zao zikaenda zote kwenye seva ya zamani,
zikaingia nyumba iliyohamwa
wala hazikujua kuwa hakuna mtu.

Bi Therezia hakufoka. Aliuliza tu:
"Kitu kimoja, kwa nini kiandikwe mara saba?"
Nikaangalia viatu vyangu.

Ninapopanga, Manzese, ni vyumba sita na LUKU moja.
Kila mwezi ugomvi: nani ana friji, nani anapiga pasi usiku,
baba Upendo na ile redio yake.
Lakini zile tarakimu ishirini anaingiza mtu mmoja,
mara moja,
na vyumba sita vinaona mwanga.

Basi leo nimetengeneza folda moja juu ya zote.
Nimeiita *pamoja*, jina lingine sikulipata.
Nimeweka humo anwani ya seva, lugha,
saa za Afrika Mashariki,
shilingi isiyo na senti.
Nenosiri sikuliweka; nenosiri halilazwi sebuleni.
Kisha kila folda nikaifundisha maneno mawili:
tazama juu.

Halafu nikaanza kufuta.
Tandika, kwisha. Buguruni, kwisha.
Hakuna aliyeniambia kuwa kufuta kunanoga hivi,
mistari mia, mia mbili, inakwenda na maji
na mfumo bado unapumua.

Nikafika Kigamboni.
Faili lake ni pacha wa mengine,
ila mahali pamoja. *Subira*, wenzake wote, sekunde kumi.
Lake, tisini.
Na juu ya mstari ule maelezo ya Nsajigwa,
aliyeacha kazi kabla mimi sijaajiriwa:

    # usiguse. mtandao wa huku mzito.
    # Mwajabu kapoteza oda ya insulini mara mbili.
    # mwachieni muda.

Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe.

Sijawahi kumwona Mwajabu.
Usiku ule nilimwona: simu kainyanyua dirishani,
anatafuta mtandao kama mtu anayechungulia mvua,
na mbele yake mteja na chupa ya chai
aliyoijaza barafu, si chai,
anasubiri kiduara kile kiache kuzunguka.
Sekunde kumi. Kimegoma. Anza tena.

Nimefuta yote ya Kigamboni
isipokuwa mstari ule, na maneno matatu ya juu yake,
ambayo kompyuta haiyasomi.
Faili limebaki jembamba kama risiti.
Folda ikitaka kitu itatazama kwanza kwake,
ikikosa, ndipo itazame juu.

Nikajaribu. Saba zote kijani.
Nikamwandikia Nsajigwa, namba niliyoiokota kwenye daftari la ofisi:
*Nimeukuta mstari wako. Nimeuacha.*

Asubuhi akajibu, bila salamu:
*Insulini ilifika?*

Miaka miwili, na hilo ndilo alilobaki nalo.
Sijui la kumjibu.
Nampigia Mwajabu. Simu inaita,
inakata, inaita tena.
Nampa muda.