Msumari wa Kwanza

Picha uliyonitumia saa tano usiku nimeipata, Somoe.
Mlango mwekundu, nyumba ya nne kutoka mwisho wa safu,
na chini yake neno moja tu: "Hii."
Nikavaa miwani kitandani,
nikaikuza kwa vidole viwili
nikitafuta kile ambacho mpiga picha hakutaka nikione.

Waliosema kizuri chajiuza
hawajakutana na madalali wa Hull.
Huyo kijana wa viatu vyenye ncha atakuambia
kuna watu wengine watatu wanaitaka.
Daima ni watatu. Sijawahi kusikia wawili.
Mwache ahesabu. Wewe kaguse ukuta.

Uguse kwa kiganja, nyuma ya kabati, chini ya dirisha,
kama unavyompima mtoto homa.
Ukuta unaotoka jasho mwezi wa Mei, Januari utalia.
Na ukikuta kona moja imepakwa rangi mpya
na kona tatu zimeachiwa uzee wao,
jiulize hiyo moja imefanya nini hata ikavishwa nguo ya Idi.

Nenda mchana, sawa, lakini rudi Ijumaa usiku
baa ya pembeni ikitapika watu wake.
Rudi mvua ikinyesha. Simama uchochoro wa nyuma,
utazame mfereji wa paa unamwaga wapi:
mji huu ni bapa kama sinia, maji hayaulizi njia.
Muulize jirani.
Mama mmoja aliyekuwa anatoa pipa la taka
aliniambia kwa dakika mbili
yale ambayo wakili hakuyaona kwa miezi mitatu.

Mlipe mkaguzi. Najua inauma
kumlipa mtu aje akuvunje moyo.
Mimi nililipia nyumba mbili nisizozinunua,
na mwaka ule ndizo pesa pekee ambazo sikuzijutia.

Benki itakuambia unaweza kukopa kiasi gani.
Haitakuambia ukidaiwa kiasi gani utaweza kulala.
Hesabu hiyo ni yako, na ndani yake
weka ada ya mdogo wako kule Masasi,
weka na ile simu ya alfajiri
inayoanza kwa salamu ndefu kupita kiasi.
Fomu zao hazina mahali pa kuandika hayo.
Na akiba yote usiimwage kwenye arubuni;
bakisha ya boila. Yangu ilikufa
tarehe ishirini na tatu Disemba. Tulikoga kwa birika
mpaka mwaka mpya.

Mengine nitayakumbuka kesho.
Lakini ukiniuliza hii yangu niliinunuaje
sitakudanganya. Mkaguzi aliandika kurasa thelathini na moja:
dari, mabomba, ufa wa jikoni unaomeza sarafu.
Nilizisoma zote. Nikapunguziwa elfu nne.
Kisha nikatia saini kwa sababu ambayo haimo katika kurasa zile.

Miaka kumi na miwili nilipanga, nyumba saba,
na mikataba yote saba ilikuwa na mstari uleule:
msumari marufuku ukutani.
Picha ya marehemu bibi yako ilikaa sakafuni, imeegemea,
miaka kumi na miwili
ikitazama soksi zetu.

Usiku wa kukabidhiwa funguo hatukuwa na kitanda
wala pazia. Tulikuwa na nyundo ya kuazima.
Saa nne na robo nikapiga mara tatu,
jirani akanijibu kwa ngumi kutoka upande wake,
na hivyo ndivyo tulivyojuana.
Msumari ulipinda kidogo. Sijaunyoosha.

Basi kaguse, Somoe, kanuse, kabishie bei,
kaondoke ukilazimika kuondoka,
hata kama mlango ni mwekundu.
Siku ukipata wa kwako nipigie, hata usiku wa manane.
Nyundo ninayo.
Ni ileile. Sikuirudisha.