Siku Tuliyoihamisha Nyumba

Huku Chiloé, Belarmino, mtu akichoka na mahali
hauzi nyumba. Hutafuta kamba, hukopa maksai,
huita majirani, na nyumba ikaondoka na paa lake.

Mimi nilichoka na bonde mwaka wa pili.
Wewe ulichoka kunisikia mwaka wa kumi na tisa.
Katikati hapo tulizaa watatu, tukazika mmoja,
tukala viazi vya kila rangi,
na kuvu ikapanda ukutani hadi kwenye picha ya harusi,
ikaanza na viatu vyako, kisha gauni langu.
"Kesho," ulikuwa ukisema.
Kesho ile ilizeeka.

Ulikubali usiku mmoja wa Juni, bila kuulizwa,
ukikamua soksi zako juu ya jiko:
"Haya, Otilia. Tuipandishe kilimani."
Nikajifanya sikusikia. Nilitaka uliseme mara mbili.

Tukaitoa nyumba matumbo: jiko, madirisha, kitanda.
Wanasema vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana;
vyetu nilivifunga kimoja kimoja kwa magazeti,
karibu vyote vina mapengo, hakuna kilichovunjika.
Nyuma ya kabati ukakuta pesa nilizokuficha.
Nyuma ya rundo la kuni nikakuta chupa ulizonificha.
Tukatazamana kama wezi wawili waliokutana dirishani,
tukaendelea kubeba.

Asubuhi wakaja watu arobaini na jozi sita za maksai,
na mvua, ambayo huku haialikwi.
Akaja na kaka yangu Eleuterio,
ambaye kwa miaka tisa hakukanyaga kizingiti chetu
tangu siku ulipomwita mwizi, mezani, mbele ya watoto,
kwa ajili ya kisu cha marehemu babako, kile cha mpini wa pembe.
Miaka tisa nilimpelekea mkate kwenye mlango wa nyuma wa kanisa.
Miaka tisa nililala nimekupa mgongo kila Jumapili,
nawe hukuuliza kwa nini Jumapili.
Hakukusalimu. Alishika kamba.

Nyumba ikalia. Ikang'oka.
Ikasogea juu ya magogo kama bi harusi mnene
anayejua hakuna wa kumharakisha.
Pale ilipokuwa pakabaki mstatili wa ardhi kavu,
udongo ambao haukuonja mvua tangu tuoane.
Tukasimama ukingoni. Vifungo vya shati,
jino la maziwa la Sixto, mifupa ya kuku,
na pale palipokuwa jikoni, chini ya ubao wenye ufa,
kisu.

Hukusema neno. Mimi nilikuwa nayo mengi,
yameiva miaka tisa, yamenijaa mdomo.
Nikayameza, si kwa wema:
nilitaka kuona utafanya nini.

Uliinama. Ukakifuta kwenye suruali.
Ukatembea mbele ya watu wote arobaini
ukampa Eleuterio upande wa mpini.
Akakitazama. Mvua ikakilowesha.
"Hakikati," akasema. "Kimeshika kutu."
"Kinoe. Ni chako."
Kisha ukaingia nyuma yake, ukashika kamba ileile,
na maksai wakavuta.

Kule juu, usiku wa kwanza, upepo ulitoka upande tusioujua.
Moshi ukarudi ndani. Ukakohoa, ukalaani kilima,
ukalaani maksai, ukanilaani mimi na mama aliyenizaa.
Nikacheka hadi ukacheka, hadi watoto wakagonga ukuta.

Sakafu imeinama kuelekea baharini.
Kila usiku nateremka, polepole, hadi mgongoni kwako.
Uliahidi kuingiza kabari chini ya nguzo ya magharibi
kesho.
Huu ni mwaka wa kumi na tatu.
Sijakukumbusha.