Rahisi

Umerudi, Ngoie, na mfuko unaong'aa
kama dirisha la benki,
ukaumwaga juu ya meza yangu, hapa soko la Kenya,
katikati ya chupa zangu zenye vumbi jekundu.
"Kapinga, tazama. Rangi ya mdomo, dola tisa.
Wewe unatuuzia kumi na nne.
Kule ni rahisi."

Nimetazama.
Nimeifungua, nimeinusa, nimeifunga.
Kweli ni ileile. Hata namba ya kitakoni ni ileile.
Sitakubishia. Bei haina ndugu.

Ila keti kwenye kreti hii tuhesabu,
maana mimi hesabu nilifundishwa na deni, si na mwalimu.
Tiketi ililipwa na kampuni ya mgodi: tuiache.
Viza: tuiache.
Sanduku lilizidi kilo tatu, ukavaa makoti mawili
ukashuka nayo Luano, jua la Oktoba;
jasho nalo liandike.
Na yule bwana wa forodha aliyelishika kopo lako la krimu
akalitazama kwa mapenzi mpaka ukamwachia:
liandike.
Shangazi wa Katuba alitaka uturi.
Mke wa mchungaji, poda, "ile ya udongo, siyo ile ya chungwa."
Shemeji ambaye mwaka mzima hajakusalimu
alilikumbuka jina lako usiku wa safari.
Nani kati yao amekurudishia hata faranga?

Unacheka. Cheka.

Zangu hupitia Kasumbalesa.
Malori ya shaba yanatoka, katoni zangu zinaingia,
na wote tunalala barabarani, usiku wa nne, wa tano,
losheni ikichemka kama uji.
Nikifungua, mbili zimepasuka,
zimeilowesha risiti hadi haisomeki.
Hasara ya zilizokufa nawabebesha zilizopona.
Humo ndimo zilimo dola tano zako.

Subiri. Huyu ni mtoto wa Mama Kyalwe,
ameshika kifuniko cha chupa kwa mikono miwili.
"Kijiko kimoja cha glisirini.
Mama amesema Jumamosi."
Nachota kimoja, nasawazisha kwa kidole,
kisha naongeza matabishi, ncha tu ya kijiko,
ili njiani akionja kwa mkono wake mkavu
cha mama yake kisipungue.

Niambie: kule kwenye sakafu ya kioo,
nani angekufungulia kopo kwa ajili ya kijiko?
Nani anaijua Jumamosi yako?

Lugha yetu nayo ina ujanja, Ngoie.
Neno moja imelipa kazi mbili:
kitu cha bei ndogo, na kitu kisichosumbua.
Kule bei ni ndogo, nimekubali.
Rahisi? Hapo sijui.

Hata mimi nilikwenda mara moja,
mwaka ule nilipouza kiwanja cha Ruashi nikanunue mali.
Msichana mmoja aliniketisha juu ya kiti kirefu,
akanishika kidevu kama mtu anayechagua embe,
akanipaka, akaniita madamu.
Nililipa dola ishirini na mbili
kwa kitu nilichokiacha mezani kwangu kwa kumi na moja.
Sikununua rangi.
Nilinunua zile dakika ambazo mimi ndiye niliyekuwa uso
na mwingine ndiye aliyekuwa muuzaji.
Nilipofika nyumbani, juani, nikajiona:
midomo ya mtu aliyekula majivu.
Taa zao ni nyeupe mno. Zinadanganya bila kusema neno.

Ndiyo maana nimenyamaza muda wote huu
nikikutazama mdomo.
Hii si rangi yako, dada.
Kule hakuna aliyekuambia?

Leta shavu hapa.
Jaribu hii, yenye wekundu wa matofali.
Kumi na nne, ndiyo. Jumamosi, haya.
Kioo kina ufa;
jiangalie upande wa kushoto.