Kipande Namba Arobaini na Moja

Asili yake ni makuti ya Ibra,
yale yachomwayo kando ya falaji baada ya kupogoa.
Tuliyasaga, tukayachemsha, tukayachuja
hadi yakawa uji mweupe, hauna hata harufu ya shamba,
tukautia rangi ya manjano itambuayo mwanga,
tukauanika juu ya kioo.
Ulipokauka: ganda la kitunguu.

Mulika taa ya zambarau, kinajikunja.
Mulika ya kijani, kinajinyoosha.
Waya hakina. Betri hakina.
Pale Al Khoudh Dokta Azza anapima pembe,
mimi naosha vyombo na kuandika tarehe.

Cha arobaini na moja kilitoka na ufa ukingoni.
"Tupa," akasema.
Nikakitia ndani ya kitabu cha risiti, nikaenda nacho nyumbani.

Shangazi Ghaniya alizaliwa Mtambile;
Maskati aliijia na mkeka mmoja
na vidole kumi vya kusuka.
Sasa baridi yabisi imevifumba
kama ngumi ya mtoto aliyeficha peremende,
na pazia la chumbani hulivuta kwa meno.

Nilikibandika dirishani.
Saa mbili asubuhi jua likaupanda ukuta wa jirani,
likagonga kioo.
Kikajikunja taratibu,
kama mtu aliyesikia jina lake na hataki kuitika.

Akakitazama hadi chai ikaota utando.
"Samaki mkunje angali mbichi," akasema.
"Huyu mkavu, nani kamfunza?"

Nikamweleza: chembe zake zina magoti,
mwanga ukizigusa hupiga magoti zote pamoja.
"Zinasali?"
Zinasogea tu, shangazi.
"Nimekuuliza, zinasali?"

Tangu siku hiyo anakiita ukili.
Ukili umeamka. Ukili leo mvivu, kuna vumbi.
Akataka kujua kama kinachoka.
Nikamwambia kweli: mara elfu nne, kisha hukatika.
Akapiga hesabu, midomo ikicheza.
"Elfu nne asubuhi. Miaka kumi na moja, kasoro siku chache."
Akacheka.
"Kitanizika."

Usiku nilipita mlangoni kwake, taa zimezimwa.
Dirishani kipande kilikuwa kinajinyoosha,
polepole, bila kuombwa,
na yeye ameulaza mkono wake juu ya shuka,
anautazama,
anangoja.