Safu ya Dawa

Mwisho wa mwezi nabaki na rejista,
rula, kalamu nyekundu, chai iliyopoa.
Wilaya inataka jumla: wangapi, ugonjwa gani, dawa gani.
Nahesabu kwa vijiti, vinne na kimoja cha kukata,
kama mtu anayefunga mizigo ya kuni.

Amoksilini, mia mbili na kumi na tatu.
Panadol, kila mtu.
Kikohozi, amoksilini. Jipu, amoksilini.
Mtoto aliyeumwa na nyuki, amoksilini
(hapo niliweka alama ya kuuliza, kisha nikaifuta).

Lori lilifika tarehe nne.
Nikafunua mwezi uliotangulia, kabla ya lori:
hakuna aliyeugua kifua.
Kuanzia mto Kochi hadi mpaka wa Kongo
watu waliugua tumbo, tumbo tupu,
maana rafuni ilibaki flajili.
Nikarudi nyuma mwezi mwingine, na mwingine.
Ugonjwa kwetu hauji na mvua.
Hushushwa kwa maboksi,
una tarehe ya mwisho wa matumizi.

Nikampelekea Drani vijiti vyangu.
Watu humwita daktari; ni tabibu,
na hana nguvu ya kuwasahihisha.
Alikuwa ananawa. Akatazama mpaka mikono ikakauka yenyewe.
"Avako, saa mbili asubuhi mimi ni tabibu.
Saa nane, na watu sitini kwenye benchi,
mimi ni mkono tu."
Darubini haina taa tangu Pasaka.
"Huyu ametembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni.
Nimwambie ni mafua, yataisha, anywe maji?
Atasema serikali imemnyima."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Na ni kweli, nimewaona dirishani:
vidonge wanavipokea kwa mikono miwili
kama chenji waliyodhani imeliwa.
Wengine humeza nusu, nusu huenda chini ya godoro
kumngoja mgonjwa ajaye,
kuku akiwa mmojawapo.
Wahenga walisema dawa ya moto ni moto.
Kituoni dawa ya moto ni kilichopo.

Lakini kuna jina moja linanikwama.
Candiru, miaka hamsini na minane.
*Mwili wote unauma.* Panadol.
*Mwili wote unauma.* Panadol.
Mara tisa, mwandiko ule ule, unazidi kulala
kadiri miezi inavyokwenda.
Daftari lake ni la shule, la kurasa thelathini na mbili,
nyuma lina jedwali la kuzidisha:
tisa mara moja, tisa.

Mara ya kumi, hata panadol ilikuwa imekwisha.
Drani alikuwa wilayani, kwenye semina ya matumizi bora ya dawa.
Nikamwambia: mama, leo hakuna kitu.
Hakuondoka.
"Jina langu umeliandika?"
Nimeliandika.
Akaketi, akavua viatu,
akaanza kunionyesha kwa kidole
maumivu yanapoanzia, chini ya ubavu wa kushoto,
tangu mwaka aliomzika Ezati,
yanakopita, yanakolala, yanavyoamka.
Mimi si tabibu. Mimi ni wa vijiti.
Nilisikiliza mpaka mlinzi akatikisa funguo.

Safu ya dawa niliiacha wazi.
Wilaya wakapiga simu: hilo pengo la tarehe ishirini na sita ni nini?
Nikasema rula iliteleza.