Mita Mbili na Nusu

Karatasi ilibandikwa mlangoni, rangi ya chungwa,
kama tangazo la mnada wa nyumba.
Niliisoma nimevaa koti na ndara,
mate yamenikauka, hadi nilipofika kwenye neno
kichaka.
Alhamdulillahi. Kichaka tu.

Tawi likivuka kijia cha waenda kwa miguu
lipite mita mbili na nusu juu ya vichwa vya watu;
kichaka cha kona kisizidi kiuno cha mtu mzima,
dereva amwone mtoto kabla mtoto hajamwona dereva.
Siku kumi na nne. La sivyo jiji la Winnipeg
litakuja lenyewe na msumeno,
na bili itafuata kwa posta.

Lilaki hii sikuipanda. Niliikuta,
pamoja na funguo, pamoja na jiko lisilowaka upande mmoja.
Ilipochanua mara ya kwanza nilisimama chini yake
na mifuko ya unga mikononi, nikasahau kuingia ndani.
Si asumini. Pua yangu haikujali.
Nikaiacha inenepe, miaka sita,
kama kitinda mimba anayedekezwa na bibi.

Nani kanisemea? Nilimshuku Thorlakson wa namba tisini na mbili,
maana hunisalimia kwa kidevu.
Siku tatu nikampa kisogo.
Ya nne nikamwona, toka dirisha la jikoni,
anasukuma kiti cha magurudumu cha mkewe.
Alipofika kwenye lilaki yangu alishuka barabarani,
basi likampigia honi,
akapanda tena upande wa pili
bila kugeuka, bila kutikisa kichwa,
kama mtu aliyezoea kuzunguka dimbwi.
Miaka sita.

Mkasi niliuazima kwake yeye yeye.
Nilipomaliza, lilaki ilifanana na mvulana
aliyenyolewa na mamake usiku wa kuamkia shule.

Na mti mkubwa, ule wa elmi, kati ya kijia na barabara?
Huo si wako, akasema Bi Desjarlais wa manispaa,
anapima kwa rula ya mbao kama fundi cherehani.
Shina la jiji, mizizi ya jiji.
Majani yakianguka ndiyo yako: uyazoe.
Na usiupogoe kiangazi, hata kijiti.
Mbawakawa hunusa kidonda kibichi toka mtaa wa tatu,
huja na ukungu mwilini, mti ukafa kuanzia kileleni.
Nikacheka: kwetu nao wapo,
wanaonusa msiba kabla ya matanga.
Hakucheka. Alikuwa anatazama juu,
pale majani yalipogeuka manjano katikati ya Julai.

Nukta ya rangi aliiweka shinani siku hiyo hiyo.

Walikuja Januari, baridi ya kupasua jino,
wanaume wanne na mashine ya kusaga matawi.
Kufikia chai ya saa nne mbingu ilikuwa uchi
juu ya paa la Thorlakson na langu.
Nikatoka kuhesabu pete za kisiki, toka ganda kwenda ndani,
nikafika mwaka niliozaliwa, Pangani,
kidole kikafa ganzi. Nikaacha.
Pete zilizobaki zilikuwa nyingi kuliko nilizohesabu.

Mei wakaleta mche, mwembamba kama bakora,
umefungwa kamba mbili, na karatasi nyingine mlangoni.
Safari hii nyeupe.
Mti ni mali ya jiji. Usiukate,
usiufungie baiskeli, usiutundikie tangazo.
Kisha, mstari wa chini kabisa:
mkazi anaombwa, tafadhali, ndoo mbili kwa wiki
mvua isiponyesha.

Nimezisoma sheria zao mwaka huu, mbele na nyuma.
Hilo tafadhali sikuliona penginepo.
Jumamosi napita kando ya lilaki, hainigusi hata ushungi,
ndoo moja mimi, ya pili Thorlakson,
na mkewe pale kijiani, kitini mwake, shingo kaielekeza kwenye udongo,
anatuambia taratibu:
bado. Bado. Haya, basi.